Kwa nini walimu waliohitimu huikwepa ofisi ya mwalimu mkuu Kisii na Nyamira

KATIKA kaunti za Kisii na Nyamira si vigumu kumpata mwalimu mwenye shahada ya uzamili katika usimamizi wa elimu ambaye bado anashika chaki darasani, na ambaye hana nia yoyote ya kuketi katika ofisi ya mwalimu mkuu. Vyeti anavyo, miaka ya kazi anayo, na wenzake humheshimu. Nafasi inapotangazwa, hata hivyo, hajazi fomu.

Kwa mtu anayeifahamu Gusii, hili ni jambo la kushangaza. Hii ni nchi ya watu waliozoea kuuza ng'ombe na hata kipande cha shamba ili mtoto asome. Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na katika Kisii kila kilomita mraba moja ilikuwa na zaidi ya watu 900. Mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi yakawa vipande vya migomba na majani chai visivyoweza kulisha familia. Urithi uliobaki wa uhakika ni elimu, na aliyeishika elimu, yaani mwalimu, alikuwa mtu mkubwa kijijini.

Mwalimu mkuu alikuwa mkubwa zaidi. Katika miaka ya baada ya uhuru ndiye aliyeandika barua za watu wasiojua kusoma, akaongoza harambee, akasuluhisha ugomvi wa mipaka na kuketi meza moja na chifu. Wapo wazee ambao hadi leo huitwa "mwalimu mkuu" sokoni, ingawa walistaafu zamani. Heshima ya namna hiyo haikuhitaji kutangazwa magazetini ili watu waitamani.

Wala uhaba wa masomo hauwezi kutolewa kama sababu. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichotunukiwa hati ya kuwa chuo kikuu kamili Februari 2013, kilichipuka kutoka chuo cha kuwafunza walimu, na kwa miaka mingi walimu wa eneo hilo wamekuwa wakitumia likizo za Aprili, Agosti na Desemba kujiongezea digrii. Taasisi ya Usimamizi wa Elimu Nchini, KEMI, ambayo awali iliitwa KESI, imekuwa ikitoa mafunzo ya uongozi wa shule. Waliohitimu wapo. Swali ni kwa nini baadhi yao, na mara nyingi wale ambao wenzao wangewapigia kura, husimama nje ya mlango.

Jambo la kwanza la kueleweka ni kwamba mfumo wa sasa wa vyeo umejengwa kwa namna inayomsukuma mwalimu kuelekea ofisini. Mwongozo wa kupanda vyeo ambao Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilianza kuutekeleza mwishoni mwa 2017 uliweka ngazi kutoka B5 hadi D5. Katika shule za msingi, mwalimu wa darasani hufika C1 na hapo ngazi yake ikaisha. Anayetaka C2 au C3 sharti awe mwalimu mwandamizi, C4 ni ya naibu, na C5 ni ya mwalimu mkuu. Katika shule za upili, D3, D4 na D5 ni za wakuu wa shule. Mwalimu hodari wa Hisabati aliyebaki na Hisabati yake hana njia ya kufika huko.

Ikiwa basi mshahara mnono uko ofisini peke yake, na bado mtu anakataa kuufuata, ni lazima kuwe na kitu kizito kinachomzuia. Ukisikiliza mazungumzo ya walimu katika vyumba vyao vya mapumziko, utagundua kwamba wengi hawaogopi kuongoza. Wanachoogopa ni ofisi ambayo huwajibishwa kwa kila kitu ilhali mambo mengi huamuliwa na wengine.

Chukua fedha. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, serikali ilitenga Sh1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Fedha hizo ziliingia katika akaunti mbili: Sh650 za vitabu na vifaa vya kufundishia, na Sh370 za matumizi mengine ya shule. Usiku mmoja, mtu aliyesomea kufundisha Kiswahili na Jiografia akawa msimamizi wa akaunti mbili za benki, kamati za ununuzi, hesabu za bohari na madaftari ya risiti. Shule nyingi za msingi hazikuwa na mhasibu wala karani, na hadi leo hazina.

Katika shule za upili hesabu ni kubwa zaidi. Elimu ya kutwa ya sekondari ilianza kugharimiwa na serikali 2008 kwa Sh10,265 kwa mwanafunzi. Mwaka wa 2018 kiwango kilifikishwa Sh22,244, sambamba na sera ya kuhakikisha kwamba kila mtoto aliyemaliza darasa la nane anaingia kidato cha kwanza. Wanafunzi walifurika madarasani mwaka huo huo. Fedha nazo zimekuwa na mwendo wake. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaeleza wabunge kwamba serikali haikuwa na uwezo wa kutoa kiwango hicho kikamilifu, na kwamba kila mwanafunzi alikuwa akipata takriban Sh16,900.

Pengo la zaidi ya Sh5,000 kwa kila kichwa haliishii katika vitabu vya Hazina Kuu. Linatua mezani pa mwalimu mkuu. Ndiye anayemkabili muuzaji wa mahindi na maharagwe, mwenye lori la kuni, mpishi, mlinzi, na mwalimu aliyeajiriwa na bodi kwa sababu tume haijaleta wa kutosha. Katika Kisii muuzaji wa mahindi si kampuni ya mbali. Huenda ni jirani, au shemeji, au mzee wa kanisa anayeketi benchi la mbele. Deni la shule hugeuka kuwa deni la mtu, na hudaiwa matangani na harusini.

Mwalimu mkuu akitaka kujinusuru kwa kuongeza karo, sheria inamngoja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza malipo ya masomo katika shule za umma na masomo ya ziada wakati wa likizo. Akiwarudisha nyumbani wanafunzi wenye madeni, wizara humkemea. Akiwaweka, muuzaji wa mahindi humkemea. Na wakaguzi wa hesabu wanapofika, huuliza alichofanya yeye, si kile ambacho Nairobi haikutuma.

Adhabu nayo si ndogo. Mwalimu anayetuhumiwa anaweza kusimamishwa kazi uchunguzi ukiendelea, akapata nusu ya mshahara, na kwa baadhi ya makosa asipate chochote. Uchunguzi waweza kuchukua miezi mingi. Mwenye mkopo wa chama cha ushirika, na ni nadra kumpata mwalimu asiye na mkopo huo, anajua vyema maana ya miezi sita bila mshahara kamili. Mwalimu wa darasani naye anaweza kusimamishwa, lakini hana cheki za kutia sahihi, na hivyo milango ya kuingilia matatani ni michache kwake.

Haki inataka isemwe pia kwamba masharti haya hayakutungwa bure. Wapo wakuu wa shule waliokula fedha za watoto, waliosajili wanafunzi wasiokuwepo na waliofanya biashara na wauzaji vitabu. Serikali ilipoanza kununua vitabu vya kiada yenyewe na kuvipeleka moja kwa moja shuleni kuanzia 2018, ilitoa sababu hizo hizo, na wazazi wengi walishangilia. Hata hivyo, kila uamuzi uliohamishwa kutoka shuleni hadi Nairobi ulimwachia mwalimu mkuu lawama bila mamlaka.

Mitihani ni uwanja mwingine. Baada ya wizi mkubwa wa mtihani wa 2015, baraza la mitihani lilivunjwa Machi 2016. Dkt Fred Matiang'i, mwenyeji wa Borabu katika Nyamira, ambaye aliishika Wizara ya Elimu kuanzia mwishoni mwa 2015, alileta masharti mapya. Karatasi za mtihani zilihifadhiwa katika kontena chini ya ulinzi wa polisi, na wakuu wa shule wakafanywa wasimamizi wa vituo. Kila asubuhi ya mtihani mwalimu mkuu mwenyewe huenda kuzichukua kontena linapofunguliwa, na jioni huzirudisha. Kosa likitokea kati ya kontena na dawati, jina la kwanza kuandikwa ni lake, na sheria ya mitihani ya 2012 ina makosa ambayo kifungo chake hufika miaka 10.

Wakati uo huo, jamii inataka alama. Serikali ilipiga marufuku kuorodhesha shule kwa matokeo Novemba 2014, lakini marufuku hayo hayakufika katika matatu za kutoka Kisii kwenda Nyamira, Keroka au Ogembo. Kila Januari abiria huwa na orodha zao vichwani: shule ipi imepanda, ipi imeshuka, na nani alaumiwe. Matokeo ya KCSE ya 2022 yalipotangazwa, ufanisi wa ghafla wa baadhi ya shule za Nyanza Kusini ulizua mjadala wa kitaifa, na kamati ya elimu ya Bunge ikaingilia kati kuchunguza madai ya udanganyifu. Mwalimu aliyekuwa akiwazia ofisi aliona pande zote mbili za upanga: ukishindwa unafukuzwa na wazazi, ukifaulu unahojiwa na wabunge.

Kisha kuna moto. Usiku mmoja wa mwishoni mwa Juni 2016, mabweni saba ya shule ya wavulana ya Itierio, katika Kaunti ya Kisii, yaliteketezwa. Ripoti za wakati huo zilieleza kwamba wanafunzi walikasirishwa na kuzuiwa kutazama mechi ya michuano ya soka ya Ulaya. Wiki chache zilizofuata, zaidi ya shule 100 nchini zilikumbwa na moto. Hakuna aliyefariki Itierio, lakini kila mwalimu mkuu wa shule ya bweni anajua kwamba hilo lilikuwa bahati. Septemba 2024 watoto 21 waliangamia katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Viboko vilipigwa marufuku nchini tangu 2001 na sheria ya 2013 ikasisitiza marufuku hayo, kwa haki kabisa, ila washauri nasaha waliotarajiwa kuchukua nafasi ya kiboko hawakuletwa kwa idadi inayohitajika. Mkuu wa shule ya bweni hulala akiwa na simu sikioni.

Mambo hayo ni ya Kenya nzima, na mengine ni ya dunia. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilionya katika ripoti ya 2008 kwamba nchi nyingi tajiri zilikuwa zikikosa watu wa kutosha wanaotaka kuongoza shule, kwa kuwa kazi imekuwa nzito na haivutii. Uzito wa Kisii na Nyamira, hata hivyo, una sura yake, nayo hutokana na ukaribu wa watu, koo na makanisa.

Anayetazama ramani ya maeneo bunge ya Gusii anatazama pia ramani ya koo. Nyaribari, Bobasi, Bonchari, Bomachoge, Kitutu na Mugirango ni majina ya watu kabla ya kuwa majina ya maeneo ya kura. Chini ya kila jina kuna koo ndogo, na chini ya hizo kuna milango ya nyumba. Shule nyingi zilijengwa kwa harambee ya ukoo mmoja juu ya ardhi iliyotolewa na mzee wa ukoo huo, wakati mwingine umbali wa kutembea kwa miguu kutoka shule ya ukoo jirani. Wajukuu wa mzee aliyetoa ardhi hawajasahau. Wao huona shule kuwa ni yao, na kwamba anayeiongoza anafaa kuwa wao au angalau mtu waliyemkubali.

Tume ndiyo yenye mamlaka ya kuwaajiri, kuwapandisha vyeo na kuwahamisha walimu. Hivyo ndivyo Katiba ya 2010 inavyosema katika kifungu cha 237. Kijijini, hata hivyo, barua ya tume si neno la mwisho. Mwalimu mkuu mpya akitoka ukoo usiopendwa, au akichukua nafasi ya mtu aliyependwa, hutokea wakazi wakafika langoni na matawi ya miti na kufuli. Hutakiwa arudi alikotoka. Maafisa wa elimu huja, mkutano hufanywa chini ya mti, na mara nyingine mwalimu huondolewa "kwa usalama wake". Hata kama hakufanya kosa lolote, habari zake hufika shule inayofuata kabla yake.

Katika Borabu, ambako familia za koo mbalimbali zilipewa mashamba yaliyokuwa ya walowezi baada ya uhuru, mtu angetarajia joto la ukoo lipungue. Hata huko, hata hivyo, siasa za bodi hazikosi. Mbunge hudhibiti hazina ya ustawi wa eneo bunge, iliyoanza 2003, na madarasa mapya hutoka humo. Diwani ana basari za kaunti. Mwalimu mkuu asiye na uhusiano mwema nao shule yake hukaa bila maabara, na mwenye uhusiano mwema mno huonekana mfuasi wa kambi na husubiriwa uchaguzi ujao.

Kanisa nalo lina kiti chake. Wakatoliki walifungua misheni Nyabururu na Waadventista Wasabato wakaja Nyanchwa, wote mwanzoni mwa miaka ya 1910. Walutheri kutoka Uswidi walifika Itierio mwishoni mwa miaka ya 1940, na Wapentekoste wakajenga zao. Shule nyingi za Gusii zina kanisa mdhamini hadi leo. Sheria ya 2013 inalipa kanisa hilo nafasi ya kuwakilishwa katika bodi, kutoa ushauri wa kiroho na kusaidia kwa fedha na majengo. Kumteua mwalimu mkuu si miongoni mwa kazi zilizoorodheshwa. Lakini mazoea ya tangu enzi za wamisionari hayafutiki kwa kifungu cha sheria, na mdhamini hutaraji kuona muumini wake ofisini.

Kwa hiyo Msabato aliyehitimu hufikiri mara mbili kabla ya kukubali shule ya Kikatoliki, na Mkatoliki hujiuliza atafanyaje katika shule ambayo Jumamosi ni siku ya ibada na Jumapili ni siku ya kazi. Si uadui wa dini. Majirani hawa huoana na kuzikana. Ni kwamba kila uamuzi, kuanzia siku ya mikutano ya wazazi hadi vyakula vinavyopikwa jikoni, waweza kusomwa kama dharau.

Tume ilijaribu kuikata minyororo hii kwa njia moja kubwa: kuwapeleka wakuu wa shule nje ya kaunti zao. Sera hiyo ilishika kasi 2018, na mamia ya walimu nchini walipewa barua za uhamisho. Kwa mtazamo wa Nairobi, mwalimu aliyetoka mbali hana shemeji wa kumuuzia mahindi wala mzee wa ukoo wa kumtisha. Kulikuwa na mantiki humo, na si haki kuidharau.

Lakini mwalimu wa Gusii si mwalimu tu. Ana ekari moja ya majani chai, ng'ombe wa maziwa, wazazi wazee na, mara nyingi, mwenzi ambaye pia ni mwalimu katika shule ya jirani. Kuhamia Homa Bay, Migori, Narok au Bomet kulimaanisha nyumba mbili, jiko mbili na nauli ya kila Ijumaa. Isitoshe, wapo waliokumbuka mwanzo wa 2008, wakati ghasia za baada ya uchaguzi ziliwafurusha walimu wengi wenye asili ya Kisii kutoka Bonde la Ufa. Kuambiwa kwamba cheo kipya kitatolewa ng'ambo ya mpaka wa Sotik halikuwa jambo la kupokelewa kwa shangwe.

Baada ya malalamiko ya vyama vya walimu na wabunge, na baada ya serikali mpya kuingia madarakani 2022, tume ilianza kuwaruhusu wengi kurejea karibu na kwao. Hofu haikurejea nayo. Manaibu waliokuwa wamejifunza kwamba kupanda ngazi ni kuhama nyumbani waliendelea kuhesabu hivyo. Wapo ambao wamekaa katika unaibu kwa miaka mingi na hawataki hatua moja zaidi. Unaibu una nyongeza ya mshahara, na sahihi ya mwisho ni ya mtu mwingine.

Hesabu hizi zote humwelemea mwanamke maradufu. Ingia katika shule yoyote ya msingi ya Kisii au Nyamira na uwatazame walimu katika gwaride la asubuhi: wanawake ni wengi. Kisha soma ubao wa majina ya waliowahi kuiongoza, uliotundikwa ukutani ofisini. Majina ya wanawake huwa machache, na mara nyingi ni ya miaka ya karibuni. Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika nyadhifa za kuteuliwa, na tume huwahimiza wanawake waombe. Wengi hawaombi.

Sababu moja ni ukoo tena. Mwanamke wa Kigusii huolewa nje ya ukoo wake. Alikozaliwa huambiwa ameshakwenda kwa watu. Alikoolewa huambiwa ametoka kwa watu. Ukoo unaodai "mtu wetu" ofisini haumwoni kuwa wao, hata kama amefundisha watoto wake kwa miaka ishirini. Mwanamume wa ukoo huo mwenye vyeti pungufu anaweza kuwa na sauti ya wazee nyuma yake. Mwanamke huyo hana.

Sababu ya pili iko nyumbani. Mkutano wa bodi ukimalizika saa moja jioni, mwalimu mkuu wa kiume hurudi na kukuta chakula mezani. Wa kike hurudi na kukuta jiko likimngoja. Mkuu wa shule ya bweni hutarajiwa kuishi ndani ya ua wa shule, na si kila mume hukubali kuhamia katika nyumba aliyopewa mkewe na serikali. Kukiwa na mtoto mchanga na mama mkwe mgonjwa, fomu ya maombi hubaki kabatini. Uhamisho wa 2018 uliwapata hata wanawake waliokuwa wameshajipanga, na waliosalia walishuhudia.

Tena kuna maneno. Mwanamke anayesafiri kwenda mikutano ya wakuu wa shule Mombasa, ambako chama chao hukutana kila mwaka, huzungumziwa kijijini kwa namna ambayo mwenzake wa kiume hazungumziwi. Akiwa mkali huitwa mwenye kiburi. Akiwa mpole huambiwa hawezi kuwadhibiti wavulana wa kidato cha nne. Haya ni mambo madogo, kila moja peke yake. Hayaandikwi katika ripoti zozote za wizara, lakini huamua mengi.

Ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi imeongezewa mzigo mpya tangu Januari 2023, sekondari msingi ilipowekwa katika ua wa shule hizo. Aliyesomea cheti cha ualimu na kupanda polepole hadi C5 alijikuta akiwasimamia vijana wenye digrii waliotaka wajitawale. Malumbano yalizuka kote nchini kuhusu nani anamwajibikia nani, nani anatia sahihi fedha za Gredi ya 7, 8 na 9, na hata nani ana haki ya kutumia chumba kipi. Fedha za sekondari msingi ni Sh15,042 kwa mwanafunzi kwa mwaka, hesabu kubwa mno kwa mtu aliyezoea ile ya shule ya msingi. Mhasibu bado hakuja.

Wapo pia wanaotaka ofisi na wameacha kuomba. Hao hawastahili kuitwa waoga. Kisii na Nyamira zina walimu wengi waliohitimu kwa idadi ndogo ya nafasi, na mwanzoni mwa 2025 wabunge waliikosoa tume wakilalamikia namna nafasi za kupandishwa vyeo zilivyogawanywa nchini. Mwalimu aliyekwenda katika usaili mara tatu, akabeba bahasha ya vyeti kutoka Ogembo hadi mjini Kisii na kurudi bila jibu, hufika mahali akasema imetosha. Wengine wamewahi kukaimu ukuu wa shule kwa muda mrefu bila nyongeza ya mshahara, na kisha mtu mwingine akaletwa na barua. Waliokaimu hivyo ndio walioifahamu kazi kwa undani, na baadhi yao ndio wa kwanza kukataa walipoitwa tena.

Haimaanishi kwamba kila anayekataa ana sababu safi. Kuna anayejua kwamba akiwa darasani anaweza kutoka saa kumi akaenda kuchuma chai au kufungua duka lake Keroka, na kwamba mwalimu mkuu hana saa kumi. Kuna mwenye masomo ya ziada ya faragha yanayomlipa. Tangu Januari 2016 wakuu wa shule hutia sahihi mikataba ya utendakazi na kuwapima walimu wengine, na si kila mtu anataka kuwapima marafiki zake. Raha ya kulaumu ofisi ukiwa nje ya ofisi ni raha inayojulikana na kila mfanyakazi.

Gharama ya haya yote hulipwa na wanafunzi. Waliohitimu wakikaa kando, orodha ya waombaji hubaki na watu wa namna mbili: wenye wito wa kweli, ambao wapo na shule nyingi za Gusii zinasimama kwa sababu yao, na wenye jicho katika ununuzi. Kamati ya usaili hulazimika kuchagua katika orodha iliyopo. Shule iliyokosa mkuu hukaa na anayekaimu, na anayekaimu huogopa kumwadhibu mwalimu mtoro, kumkatalia muuzaji mbaya au kuanzisha jengo, kwani hajui kama atakuwepo muhula ujao.

Walimu wanapoulizwa ni nini kingewafanya wajaze fomu, mshahara hutajwa, lakini mara nyingi si kitu cha kwanza. Hutaja mgao unaofika siku ya kufungua shule. Hutaja hakikisho kwamba tuhuma zitachunguzwa kwa wiki na si kwa mwaka, na kwamba afisa wa elimu atasimama langoni pamoja nao siku kufuli itakapoletwa, badala ya kuwaambia wapande gari. Wanawake hutaja kituo kilicho karibu na nyumbani wakati watoto ni wadogo. Na walimu wa shule za msingi, karibu kila wanapozungumza, hutaja mhasibu. Katika shule nyingi za kutwa za Kisii na Nyamira daftari la fedha bado huandikwa na mwalimu mkuu mwenyewe, jioni, baada ya watoto kwenda nyumbani na mlinzi kuja kuuliza kama anaweza kufunga lango.